Bendera ya Kijivu

Kila akitoka shule, Cherehani alipitia kwa shangazi yake, fundi nguo, kumwokotea pini. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu mdomo wake haukupoa. Wiki hiyo ndiyo haukupoa kabisa: darasa lao lilikuwa na maonyesho ya bendera za kale za Kiislamu, kushona kapewa yeye, na kuwaeleza wageni pia yeye.

"Nyeupe ya Bani Umayya, nyeusi ya Bani Abbasi, na kijani, rangi ya nguo za watu wa peponi," alimwambia shangazi huku akirukaruka.

"Sawa, mwalimu. Loweka vitambaa kwanza, visije vikanywea ukishashona. Kila kimoja na beseni lake."

Shangazi alipotoka kupeleka gauni la mteja, Cherehani akaviloweka vyote beseni moja. Haraka hiyo. Kuja kuvitoa, nyeusi imechuja na nyeupe imekuwa kama majivu.

Akashona hivyo hivyo, akaandika kadi: "Kijivu, bendera ya subira."

Asubuhi mwalimu wa historia aliisoma mara mbili. "Miaka yote hii nafundisha, hii sikuijua. Wageni wakifika saa nne, uanze nayo."

Cherehani akavimba kichwa. Kisha akatazama nyuma. Darasa zima lilikuwa limeinama, linanakili madaftarini: bendera ya subira. Akainua mkono.

"Mwalimu, hiyo haijawahi kuwepo. Imezaliwa jana, kwenye beseni."

"Basi iandikwe bendera ya sabuni," rafiki yake akadakia, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Una nusu saa."

Cherehani alitoka mbio. Shangazi, pini mdomoni, alimsikiliza mpaka mwisho, akakata kitambaa kipya cheupe, akapiga pindo huku miguu ya Cherehani ikicheza kwa wasiwasi. Walifika shuleni pamoja, wageni wakiingia getini.

Bendera tatu zikapanda. Ya kijivu ikatundikwa pembeni na kadi mpya: "Ilikuwa nyeupe. Niliiloweka na nyeusi." Cherehani alieleza zote nne, sauti ikipaa, na wageni waliing'ang'ania hiyo ya mwisho kwa maswali.

"Umeona, mwanangu," shangazi alimwambia walipokuwa wakikunja vitambaa. "Uongo unachuja. Ulidhani utabaki kwenye kadi yako, ukaingia kwenye madaftari ya wenzio. Siku nyingine ukikosea, niambie beseni likiwa bado na maji."