Mapazia Yaliyozidi Urefu

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Kamusi hukaa kando ya cherehani ya mama yake akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo. Jina hilo walimpa wenzake darasani, kwa kuwa hakuna neno la Kiingereza alilowahi kukiri kwamba halijui.

Siku daktari mgeni alipokuja kutazama pazia la kwanza kati ya sita aliyoagiza, mama alimwita bintiye awe mkalimani. Daktari alilinyoosha, akasema taratibu, "It's too long." Long Kamusi alilijua. Hilo too alilibunia maana tu, asije akaumbuka.

"Anasema ni refu sana, mama. Amelipenda."

Mama akatabasamu, akashona mengine matano kwa kipimo kilekile.

Wiki iliyofuata daktari aliyarudisha yote, yamechafuka pindo kwa kuburuzika sakafuni. Safari hii alifuatana na muuguzi aliyejua Kiswahili.

"Daktari anasema yote yamezidi urefu," muuguzi alisema. "Mlipima vipi?"

Mama aliomba radhi, akaomba tena. Walipoondoka alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Labda macho yameanza kunitupa mkono," alisema. "Huenda kazi hii nikaiacha."

Kamusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini mama alikuwa akijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akiisogeza karibu kabisa na macho.

"Si macho, mama. Ni mimi. Lile neno too sikulijua. Nilibuni tu."

Mama hakumkaripia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alimpa wembe wa kufumulia. Wakafumua pindo moja baada ya jingine mpaka vidole vya Kamusi vikauma.

Kesho yake alimuuliza mwalimu maana ya too mbele ya darasa zima. Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu akangoja wanyamaze.

"Chai ikiwa very hot, ni ya moto sana, lakini utainywa polepole," alieleza. "Ikiwa too hot, moto umepita kiasi. Itakuunguza."

Mapazia yalipokamilika, Kamusi aliyapeleka mwenyewe, akamwomba daktari msamaha kwa Kiingereza cha kukwamakwama, macho yakiwa chini. Daktari alimshika bega, akayapokea.

"Ungeuliza siku ile, mwanangu, ungeona haya kidogo tu," mama alimwambia aliporudi. "Ulipojifanya unajua, aibu ikanipata mimi niliyekuamini. Neno usilolijua, sema hulijui. Kuuliza si ujinga."

"Nimesikia, mama," Kamusi alijibu, akavuta kigoda karibu na cherehani.