Kitufe Alichokipeleka Ernesta kwa Fundi

Ndugu zangu mnaolea watoto, wa milimani na wa tambarare, naomba masikio yenu. Ninayotaka kuyasema yaliwapata watu wa kawaida, wenye shamba lao, kanisa lao na adabu zao, na ndiyo maana yananichoma.

Ilikuwa asubuhi ya likizo huko Vudee, kwenye milima ya Upare, ukungu bado umelala juu ya migomba. Ernesta alikuwa uani akipeta maharage, mumewe Nathanaeli ameshakwenda kukata majani ya ng'ombe, na jikoni makande yalikuwa yanachemka taratibu. Ndani alilala binti yao wa pekee, Careen, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyerudi jana yake kutoka bwenini huko Same mjini. Ernesta alikuwa akiimba peke yake. Mwenye mtoto aliyerudi likizo anaijua furaha hiyo.

Careen alipoamka, wimbo ulikatika. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Alisema kichwa kinamuuma, na makande hakuyagusa. Mama yake alipomwekea kiganja kwenye paji la uso, aliusukuma mkono ule kama anayefukuza nzi.

"Una nini mwanangu? Twende zahanati?"

Binti akatoa mfukoni kitu kirefu cha kung'aa, mfano wa kalamu nene, chenye kitufe ubavuni.

"Nina kifua, mama. Nilipimwa shuleni nikapewa hiki. Ukivuta mvuke wake kifua kinafunguka. Sasa batani imekufa, haibonyei. Ndiyo maana naumwa."

"Mbona hukutuambia?"

"Sikutaka baba apate wasiwasi."

Ernesta alikigeuzageuza. Kilinukia matunda, kama zile dawa za maji za watoto. Akaamini.

Nyinyi mmekwisha kujua kilikuwa nini. Ilikuwa sigara ya umeme, ile ambayo vijana wa mjini wanaiita vepu. Ernesta hakuwahi kuiona maishani mwake, na aliyemwambia ni dawa ni mtoto aliyemzaa mwenyewe. Kwa hiyo nisimsikie mtu akimcheka.

Siku ya soko alishuka Same na maharage yake, kitu kile amekifunga kwenye pindo la khanga. Alipomaliza kuuza akaenda moja kwa moja kwenye banda la Wilbard, fundi simu aliye jirani na stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina kitu cha mgonjwa hapa. Batani yake imekufa."

Wilbard alikipokea, akakitazama, akamtazama na yule mama, kisha akainama haraka kuficha kicheko.

"Cha nani hiki, mama?"

"Cha binti yangu, yuko kidato cha tatu. Ana kifua, ndiyo dawa yake."

Hapo, ndugu zangu! Simameni hapo na mimi. Mwanamume mzima, mwenye mke na watoto wake, ameambiwa waziwazi kwamba sigara ile ni ya mwanafunzi na kwamba mama mtu amedanganywa. Neno moja tu lingetosha. Wilbard akachukua bisibisi.

Alikifungua. Kibati kilichokuwa chini ya kitufe kilikuwa kimekatika. Hakuwa na kipuri chake, basi akakata kipande kutoka kwenye simu mbovu, akakikunja, akakichomea kwa waya wa risasi ya kuyeyusha. Alipobonyeza, taa iliwaka. Alipoachia, ilichelewa kuzima. Akabonyeza tena, kitufe kikang'ang'ania tena.

"Kinabana kidogo, mama. Kitalegea chenyewe akikitumia."

"Ahsante sana mwanangu. Na hii dawa, avute mara ngapi kwa siku?"

"Mwenyewe anajua, mama."

Kana kwamba hilo halikutosha, alimwelekeza duka la jirani akanunue na kichupa cha maji yake, mgonjwa asije akaishiwa. Ernesta akamweleza mwenye duka kuwa ni dawa ya binti yake wa shule; naye akapokea pesa, akamfungia.

Nyumbani Careen alivuta, mikono ikatulia, akala, akacheka na baba yake. Ernesta akamshukuru Mungu na akamwombea heri yule fundi. Tangu hapo akawa anamkumbusha binti kila baada ya chakula, "Careen, umevuta dawa yako?" Mama, kwa mapenzi yote ya moyo wake, anamhimiza mwanawe avute sigara! Na binti anaitikia, "Ndiyo mama," huku ameinamisha macho.

Jumamosi moja kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Ernesta na wanawake wenzake walikuwa nje wakifagia uwanja wa kanisa. Ghafla wimbo ulivunjika, pakasikika yowe. Careen alikuwa amekaa kwenye benchi, na kile kitu mfukoni mwa sketi kilikuwa kimebanwa na paja lake. Kitufe kilibonyea, kikang'ang'ania, hakikuachia. Moto ukakolea ndani kwa ndani mpaka betri ikalipuka.

"Itoe! Itoe hiyo sigara yako mfukoni!" Tumainieli, mwalimu wa kwaya, alipiga kelele, akanyakua ndoo ya maji ya kudekia na kummwagia.

Ernesta aliingia mbio. "Sigara gani, mwalimu? Hiyo ni dawa yake ya kifua!"

Wanakwaya walikuwa wameshambeba binti kumtoa nje.

Walimshusha Same kwa gari la jirani, njia yote ya makorongo, kila gari likiruka binti analia. Hospitalini muuguzi Jesca alimkatia sketi iliyogandamana na ngozi. Paja lilikuwa limechunika kuanzia nyongani hadi karibu na goti. Wakati muuguzi akisafisha kidonda, Ernesta alifungua khanga yake na kutoa lile gofu lililoungua.

"Nesi, nimekuja na dawa yake. Naomba mtuandikie nyingine kama hii."

Jesca aliweka mkasi chini. "Mama, nani amekwambia hii ni dawa? Hii ni sigara. Ina nikotini, na ukishaizoea, ukiikosa unatetemeka."

Ernesta alimgeukia binti yake. Careen alikuwa ametazama ukutani.

"Nisamehe, mama. Wenzangu walisema ni mvuke wa matunda tu. Halafu nikashindwa kuacha."

Nathanaeli, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliufungua mkanda wake. Ernesta akajiweka kati yake na kitanda.

"Usimguse. Amedanganya, na hilo atalijibu. Lakini kuna wakubwa walioniona nadanganywa wakanyamaza. Nao wajibu."

Alitoka barazani alikokuwa amekaa Tumainieli.

"Mwalimu, ulijuaje kuwa ni sigara?"

"Nilimwona akivuta nyuma ya kanisa, mama Careen. Likizo iliyopita."

"Na hukuniambia?"

"Niliogopa kuonekana mmbea."

"Kwa hiyo bora mwanangu aungue kuliko wewe kuitwa mmbea."

Tumainieli alijifunika uso kwa mikono. Ernesta hakungoja aseme zaidi. Alivuka mji kwa miguu mpaka kwenye banda la Wilbard, akamwekea lile gofu juu ya meza, katikati ya simu za watu.

"Shikamoo ma..."

"Shikamoo yako baki nayo. Uliijua hii ni nini?"

"Mama, mimi ni fundi. Kitu kikiletwa, natengeneza. Ningekataa, ungempelekea mwingine."

"Nilikwambia ni ya mtoto wa shule. Nikakuuliza kwa mdomo wangu huu avute mara ngapi. Bintiyo angekuja kwangu na kitu cha kumdhuru akiwa hajui, mimi ningemwacha aende nacho?"

Watu walikuwa wameanza kusogea. Wilbard akakohoa. "Mambo ya familia yenu, mama, mimi nayaingiliaje?"

"Umeshayaingilia. Funga banda, twende hospitali ukaone kazi ya mikono yako."

Hakwenda. Aliinama, akaendelea kufungua simu ya mteja, masikio yamemwiva kwa aibu.

Careen alilazwa hadi kidonda kikaanza kukauka. Kuacha kulikuwa kugumu kuliko kupona. Alilia, alitukana, alitupa sahani, na kila mara mama yake alikaa naye kitandani mpaka kiu ile ipite. Baba yake alimpa adhabu ya kazi za shamba, lakini jioni alimchotea uji yeye mwenyewe. Shule ilipoitisha kikao cha wazazi, Ernesta alisimama mbele yao wote, khanga mabegani, akasema yote bila kuficha hata lililomwaibisha. Baadhi ya wazazi walirudi nyumbani na kukagua mabegi. Walivyovikuta huko, waulizeni wao.

Careen leo anasoma, anaimba, na anatembea akichechemea kidogo. Banda la Wilbard liko wazi. Vichupa vile bado vinauzwa, vimepangwa pembeni ya pipi.

Mafunzo

Mzazi, kitu chochote ambacho mwanao anakivuta, anakimeza au anakinusa, kipeleke zahanati kwanza wakutazamie, hata kama kinanukia maua. Mtoto, uongo unaomwambia mama yako anaubeba yeye kwa upendo, na huo ndio ubaya wake.

Lakini somo kubwa ni letu sisi wengine. Mtoto wa Vudee hakuunguzwa na betri peke yake. Fundi alijua, mwenye duka alijua, mwalimu wa kwaya alijua, na kila mmoja alisema moyoni kuwa si mtoto wake. Ukimwona mtoto wa mwenzio anaharibika, sema. Sema kwa mzazi wake, sema siku hiyohiyo, na akikuita mmbea, kubali kuitwa.