Kuku wa Mama Sheila

"Mchukue mwimbaji kabla jua halijatua. Akikimbia, usimfuate."

Simu ikakatika.

Monari akaiweka Tecno yake mezani na kushusha pumzi. Usimfuate. Katika idara yao neno hilo lilikuwa na maana moja tu: piga risasi. Na Madam Priscilla, mkubwa wake, alilitamka kule Migori, ofisini kwake nyuma ya duka la mbegu, kama mtu anayeagiza chai.

Monari alikuwa jasusi aliyechoka. Si uchovu wa kukosa usingizi, la, ni ule wa kwenye mifupa. Tangu Januari alikuwa amejifanya fundi wa kompyuta katika chuo kimoja cha Homa Bay, akipangusa kibodi na kusoma mistari ya wanafunzi. Maana kila aliyekuwa kwenye mtandao wa chuo alikuwa na nafasi ya mstari mmoja chini ya jina lake, na hata watu wa nje waliweza kuusoma kwa simu, sembuse wenzake. Wangekosa somo, wasikose mistari.

"Natafuta mchumba. Awe na gesi."

"Niko hai. Msiniulize kuhusu hesabu."

"Ukikanyaga extension ya lab umeniua. Assignment yangu iko humo."

Huo wa mwisho haukuwa mzaha sana. Extension ya maabara, ule waya wa kugawia kompyuta umeme, ilikuwa imelegea, na ikiguswa kidogo tu kompyuta zote zinazima. Monari alishamwomba Bwana Javan, msimamizi wa maabara, anunue nyingine hadi akachoka kuomba. Javan alimwambia avumilie.

Lakini aliyemchekesha hasa ni Sheila Bonareri wa mwaka wa pili, binti wa mwuza ndizi wa Oyugis. Huyu aliandika habari za kuku wa mama yake kana kwamba ni mheshimiwa. Kuku amekataa kushuka kwa kiti. Kuku anataka kusalimiwa kwanza. Hata siku ikiwa mbaya namna gani, mstari wa Sheila ulimpa Monari ahueni kidogo.

Na sasa huyo huyo ndiye mwimbaji, yaani mtoa ishara.

Idara ilikuwa imegundua jambo. Kila kuku wa Sheila alipoatamia, mashua yenye risasi za magendo iliingia Muhuru Bay mchana kweupe, katikati ya mashua za wavuvi wa omena. Leo, Jumamosi, mstari ulikuwa umetokea tena: "Kuku wa mama ameatamia." Kikosi kilishajificha ufuoni. Aliyebaki kukamatwa ni msichana.

Monari akachomeka bastola yake ya Ceska kiunoni na kuwasha gari lake, Probox.

Alimkuta kanisani, kwa Waadventista, amesimama mbele na kwaya huku amefumba macho. Monari akaketi benchi la nyuma. Hakuwa ameketi kwenye benchi kama hilo tangu mama yake azikwe. Mama yule, kila Ijumaa jioni, alikuwa akiifunika redio kwa kitambaa, na ole wako uiguse kabla Sabato haijaisha.

Monari akakaa wima.

Sheila alikuwa Msabato. Kila Ijumaa mstari wake ulikuwa mmoja: "Nimezima. Tuonane jua likizama kesho. Mbinguni hakuna Wi-Fi." Nayo mistari ya kuku kuatamia, yote, ilitokea Jumamosi mchana. Tena kuna siku aliandika, "Kompyuta imenitungia mstari nikiwa kanisani." Chuo kizima kilicheka. Monari naye alicheka. Mjinga mimi, akajisemea sasa, nalipwa kusoma na sisomi.

Akamwinamia bibi aliyeketi kando yake, akamuuliza kwaya iko humu tangu lini. Bibi akamnong'oneza kwamba watoto hawajatoka tangu asubuhi, na simu zao ziko kwenye kikapu pale mlangoni.

Monari akatoka nje, akapiga simu.

"Madam, si yeye."

"Jina ni lake."

"Kuna mtu analitumia. Anajua siku ya Sabato mwenyewe hayuko."

"Una ushahidi?"

"Bado."

"Mashua ikigeuka, nitakuwa na jina moja tu la kupeleka Nairobi, Monari. Lake."

Nani angeweza kuingia kwa jina la mwanafunzi bila neno lake la siri? Ni mtu mmoja tu, yule anayeshika mfumo wote. Monari akaikanyaga Probox mpaka ikalia.

Maabara ilikuwa imefungwa. Akafungua taratibu kwa ufunguo wake wa fundi. Javan alikuwa ndani peke yake, simu iko mezani, imewekwa spika. Sauti ya mwanamume, mlinzi wao aliyekuwa ufuoni, ilikuwa ikisema kwamba Muhuru kumejaa askari, arudishe mashua haraka. Mlinzi huyo alimjua Javan tu, na watu wa mashuani waliujua mstari tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yao.

Kwenye skrini kulikuwa na jina la Sheila, na mstari mpya ukingoja kutumwa: "Kuku amekufa."

"Toa mkono hapo, Bwana Javan."

Javan akaitazama bastola, akamtazama fundi wake. Kidole kikabaki juu ya Enter.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Piga basi. Nitaanguka juu ya hii kibodi, mashua itageuka, na kila mstari uko na jina la huyo mtoto."

Alisema kweli, na Monari alilijua hilo. Hakupiga. Akanyoosha mguu wa kushoto, akaikanyaga extension.

Skrini ikawa nyeusi. Javan akabonyeza, akabonyeza tena, uso ukimwisha rangi.

"Nilikuomba ununue nyingine," Monari akasema, akamtia pingu. Simu bado ilikuwa hewani, mlinzi akiuliza kuna nini na kama mstari umeshatumwa. Monari akairekodi sauti hiyo yote, akamtumia Madam.

Watu wa idara wakaja, wakamchukua Javan kupitia mlango wa nyuma. Baadaye ujumbe ukaingia: mashua imenaswa na wote waliokuwemo, jina la msichana limefutwa, Jumatatu aripoti Isebania. Hata asante hakuna. Monari alikuwa ameshazoea, ila leo ilimwuma.

Jua lilipozama kompyuta zilikuwa zimewaka tena, na Sheila akaingia maabarani, bado amevaa sare ya kwaya.

"Fundi, hii kompyuta imeniandikia tena."

"Nimeitengeneza. Haitarudia."

"Ukweli?"

"Ukweli."

Akamshukuru, kisha akamtania kwamba chuo kizima kina mistari isipokuwa yeye. Monari akaketi. Akavuta kibodi, akaandika mstari wake wa kwanza na wa mwisho, akachukua begi lake akatoka.

"Nimechoka. Kuku wa Oyugis yuko salama."

Alipofika kwenye gari alimsikia Sheila akicheka kule ndani. Hakugeuka. Akawasha Probox, akashika barabara ya Migori.