Lori la Kwenda Kuhesabiwa

Kwetu Songtaaba, siku za kuandikisha watoto shule, mawe ndiyo yanayopanga foleni.

Wazazi wana kazi zao. Hawawezi kusimama siku nne mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa hiyo kila mmoja anachukua jiwe, anaandika jina la mtoto kwa chokaa, analiweka nyuma ya jiwe la mwenzake. Kisha anakwenda zake. Jiwe linabaki juani. Hakuna anayelisogeza, hata kama ni mwizi wa kuku.

Mwaka ule jiwe la mdogo wangu Bibata lilikuwa la mia moja na arobaini. Baba aliliweka Jumapili. Alhamisi mwalimu mkuu alifungua mlango, akaandika watoto themanini wa darasa la kwanza, akafunga daftari.

"Mwalimu, huyu ana miaka sita," Baba alisema. "Mwaka jana mlisema bado mdogo. Mwakani mtasema kakua."

"Mwakani bado nitampokea. Baada ya hapo, hapana."

"Na mwakani jiwe langu likiwa la mia mbili?"

Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta kwa shati. "Rasmane, sijamkataa mtoto wako. Madarasa ninayo matatu. Nimeandika barua mjini mpaka mkono umechoka. Wananijibu kwamba kwenye karatasi Songtaaba ina watu elfu mbili. Eti kwa watu elfu mbili, madarasa matatu yanatosha."

"Elfu mbili?" Baba alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Njoo usimame kwenye meza ya mke wangu saa moja asubuhi. Hao elfu mbili ni wanunuzi wa bagia tu."

Tukarudi nyumbani. Bibata hakulia. Alibeba jiwe lake kifuani njia nzima, mwendo wa karibu saa moja.

"Lete nikusaidie," nikamwambia.

"La kwangu," akajibu.

Sisi tunakaa pembeni ya jiji la Wagadugu, kule ambako viwanja havijapimwa. Baba anafyatua matofali ya udongo na kujenga. Mama anakaanga bagia za kunde barabarani. Bibi Tipoko, mama yake Baba, anafuga mbuzi mmoja na kutuamrisha sote. Kila mwaka watu wanaongezeka. Leo unapita uwanja mtupu, baada ya mwezi unakuta nyumba sita, redio inaimba na mtoto analia ndani.

Mwezi wa kumi na moja, mavuno yakiwa yameisha, binamu yake Baba alifika kutoka kijijini. Anaitwa Bukari. Alileta kanga wawili, wamefungwa miguu.

"Chifu anawasalimu," alisema. "Serikali inahesabu watu. Chifu anataka kila mtoto wa kijiji arudi nyumbani akahesabiwe, tuonekane wengi. Wenzetu wa kijiji cha jirani wameshakodi malori."

"Tutakwenda," Bibi alisema hapohapo. "Mtu anahesabiwa kilipozikwa kitovu chake."

"Na bagia zangu?" Mama aliuliza.

"Utamuuzia nani?" Baba alisema. "Mtaa mzima unaondoka."

Ilikuwa kweli. Hata sensa iliyopita ilikuwa hivyo. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka nyimbo tu ndani ya lori. Basi tukala wale kanga kwa ugali wa mtama, na Ijumaa asubuhi lori likaja.

Familia kumi na moja zilipakia. Mikeka, masufuria, madumu, watoto. Mbuzi wa Bibi alipandishwa mwisho, anapiga mateke kama anapelekwa kuozwa.

Hapo ndipo Mwalimu Honorini Toe alipotokea. Ni mama mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anafundisha shule ya mtaa mwingine, lakini mwezi ule alipewa kazi ya sensa, kwa hiyo alivaa kizibao cha njano na kubeba begi la makaratasi. Kwa kabila yeye ni Msamo. Sisi ni Wamosi. Kwa hiyo ni watani, tangu enzi za mababu. Sisi tunawaita wala mbwa, wao wanatuita wala punda, na kila upande unauita mwingine watumwa wake. Mtani akikutukana, unacheka. Akikuzibia njia, humsukumi. Unamsikiliza kwanza, ndipo upite.

Alisimama akalitazama lori.

"Watumwa wangu," alisema, "mnakwenda wapi bila kuniaga?"

Bibi alichungulia kutoka juu. "Tunakimbia harufu ya kichwa cha mbwa unachopika."

"Nikadhani kuna punda kafa kijijini, mnawahi mchuzi."

Lori zima lilicheka.

"Toka njiani, mtumwa," Bibi alisema. "Tunakwenda kuhesabiwa."

Honorini aliacha kucheka. Akaja mbele ya lori, akaketi chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu yote miwili mbele ya gurudumu.

Dereva akapiga honi. "Mama, ondoka bwana. Nina safari."

"Acha honi yako," Bibi alimwambia. "Huyo ni Msamo, na humu tumejaa Wamosi. Ukimgusa, utatafuta mkosi usioujua."

"Sasa anataka nini?"

"Si umuulize?"

"Nataka robo saa," Honorini alisema. "Nikimaliza, mnikanyage tu." Akafungua begi akatoa karatasi moja. "Rihanata, shuka. Wewe ndiye unayesoma vizuri. Wasomee."

Rihanata ni mimi. Watu wakinitazama wengi, sauti yangu inarudi tumboni. Lakini ombi la mtani halikataliwi. Nikashuka, nikashika karatasi. Ilikuwa ya sensa iliyopita.

"Songtaaba," nilisoma. "Watu elfu moja mia tisa na sita. Watoto wa kuanza shule, hamsini na wawili."

"Sauti, binti," mtu alisema kutoka nyuma. "Au unamsomea mbuzi?"

Nikasoma tena kwa nguvu. Safari hii wote walisikia.

"Hamsini na wawili?" jirani yetu Mama Zenabu alisema. "Ua letu peke yake lina wanane."

"Huu ni uongo," Baba alisema. "Nani kaandika?"

"Si uongo," Honorini alisema. "Sensa ile mlikuwa wapi?"

Mama Zenabu akajishughulisha na kukunja mkeka wake.

"Nawauliza. Mlikuwa wapi?"

"Nyumbani," Baba alisema. "Kijijini."

"Basi. Mwenzangu alipita hapa nyumba kwa nyumba, akakuta makufuli. Kufuli haliandikwi. Mkaandikwa kule, mkala kanga wa chifu, mkarudi huku. Mjini walipogawa madarasa, wakagawa kwa karatasi hii." Akamgeukia Bukari. "Wewe, shemeji. Shule ya kijijini ina madarasa mangapi?"

"Sita," Bukari alisema kwa fahari.

"Yote yamejaa watoto?"

Bukari akakuna kichwa. "Manne. Mawili tunawekea karanga."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. Baba hakucheka kabisa. Alimtazama Bibata aliyekaa juu ya gunia.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "darasa la mwanangu limelaliwa na karanga."

Kisha Baba akashuka, akachuchumaa karibu na Honorini. Alizungumza chini, lakini mimi nilikuwa palepale nikasikia.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Mimi naogopa. Nyumba hii nimeijenga kwa udongo wangu na sina hati. Mlangoni pangu kuna namba nyekundu, iliandikwa na watu wa viwanja. Nikiandikwa na wewe pia, si nawaonyesha pa kuanzia kubomoa?"

"Wale ni wale, mimi ni mimi," Honorini alisema. "Siulizi hati. Siulizi kodi. Nauliza nani anaishi hapa, ana umri gani, anasoma au hasomi, anafanya kazi gani, maji anachota wapi. Majina yenu hayatoki kwenye sensa kwenda kwa mtu wa viwanja wala wa kodi. Nikiyatoa, nafungwa mimi, si wewe."

Akapaza sauti ili lori zima lisikie. "Sensa haiulizi kitovu chako kilizikwa wapi. Inauliza unaishi wapi. Umekaa hapa miezi sita na zaidi, unakunywa maji ya hapa, mtoto wako anaumwa hapa? Basi unahesabiwa hapa, mara moja tu. Kijiji ni chenu. Mazishi, harusi, heshima ya chifu, yote yako palepale. Hakuna anayewanyang'anya."

"Na kanga tumeshakula," Bibi alisema. "Tutamwambia nini chifu?"

"Mpelekeeni zawadi ya kokwa za kola sikukuu ikifika. Kumheshimu chifu siyo kumjazia hesabu ya watu wasiolala kwake. Na yeye nendeni mkamweleze. Akijua anao wangapi kweli, ataomba kinachomfaa. Labda anahitaji ghala la karanga."

Hapo hata Bukari alicheka.

Bibi bado alikaza uso. "Kuna jambo jingine. Wajukuu zangu hawahesabiwi. Mtoto hanyooshewi kidole akaitwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Unawaita wasiotakiwa waje wamchukue."

Hili kwetu si mzaha. Wanawake watu wazima waliitikia kwa vichwa. Nikajua limekwisha, dereva atawasha gari.

Honorini hakubisha. Alifikiri kidogo.

"Sinyooshi kidole, Bibi. Wewe nitajie majina yao tu, kama unavyowaita kula. Hesabu nitaijumlisha mimi. Na mkosi ukitaka kuja, uambie uje kwa Msamo."

"Utakukuta unakula mbwa."

"Nitaugawia mkia."

Bibi alijaribu kukaza mdomo. Akashindwa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na watu wakacheka kwa sababu yake. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamwita Baba.

"Rasmane."

"Naam, Mama."

"Nishushie mbuzi."

Baba alimshusha mbuzi. Mama akashusha masufuria. Mama Zenabu akasema, "Sisi tunangoja nini?" akarusha mkeka wake chini. Baada ya dakika chache barabara ilijaa mizigo. Lori liliondoka na Bukari na familia moja tu, na dereva aliyekuwa akinung'unika peke yake.

Honorini aliinuka akajikung'uta vumbi. "Haya, watumwa. Tuanzie ua lipi?"

Alianzia kwetu. Bibi alikaa kwenye kigoda akataja majina yetu mmoja mmoja, bila haraka. Alipofika kwa Bibata, Honorini aliuliza, "Anasoma?"

"Hasomi," Baba alisema. "Andika hivyohivyo. Andika kwamba anataka."

"Fomu haina nafasi ya kutaka. Lakini naandika miaka sita, hasomi. Hiyo inaongea."

Wiki ile yote Baba hakufyatua tofali hata moja. Alikwenda kila lilipopakia lori. Yeye hana mtani kila mahali, kwa hiyo walimsukuma mara mbili, na mara moja alimwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Alirudi, akabadili shati, akaenda tena. Alikuwa na swali moja tu: "Kijijini kwenu, madarasa mnawekea nini?" Mama naye hakutoa bagia kabla ya kuuliza, "Umeshaandikwa?" Ukisema bado, unapewa bagia pamoja na maelekezo ya nyumba ya Honorini.

Matokeo ya kwanza yalitoka mwezi wa tatu. Mwalimu mkuu alikuja kwetu mwenyewe, kwa miguu, karatasi imelowa jasho mkononi.

"Elfu kumi na moja na mia nne," alisema. Akakaa. Akaisoma tena kana kwamba ingebadilika. "Watoto wa kuanza shule, mia nne na kumi."

Kesho yake alikwenda ofisi ya meya pamoja na wazazi thelathini. Bibi alikwenda pia, ingawa hakuna aliyemwalika. Yule bwana wa ofisini alifungua faili akasema, kama zamani, kwamba shule yetu ina madarasa ya kutosha. Mwalimu mkuu aliweka karatasi mpya mezani. Bwana aliisoma. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa naye akaisoma.

"Watu wote hawa wametoka wapi?" aliuliza.

"Hatukutoka popote," Bibi alisema. "Tulikuwepo. Safari hii hatukupanda lori."

Hawakutupa kila tulichoomba. Walitoa mabati, mbao, madawati na walimu wanne. Kuta walituachia. Ila kwa kuta walikuwa wamefika penyewe. Mtaa wetu umejaa wafyatuaji matofali. Wanaume walikanyaga udongo, wanawake na sisi wasichana tukachota maji, na Mwalimu Honorini alikaa pembeni akitukagua kama mwenye mali.

"Fanyeni kazi, Wamosi. Mabwana zenu Wasamo tunataka kuona ukuta ulionyooka."

"Njoo ubebe ndoo, wewe mla mbwa," Mama Zenabu alimwambia, na kweli alikuja akabeba.

Mvua za kwanza zilikuta bati limeshapigiliwa. Vyumba vinne, hatua chache kutoka nyumbani kwetu, pale palipokuwa uwanja wa takataka. Siku ya kuandikisha, mwalimu mkuu aliandika mpaka saa tisa mchana. Kisha akatoka nje, akatazama kulia na kushoto, akauliza kama yupo mtoto mwingine.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi Baba aliamka mapema. Alijaza upepo baiskeli, kama alivyomwahidi Bibata tangu siku za shule ya mbali, akafuta kiti cha nyuma kwa kitambaa, akakifungia gunia lililokunjwa ili Bibata asiumie. Bibata alitoka ndani amevaa gauni lililopigwa pasi, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutwa.

"Panda," Baba alisema.

Bibata aliitazama baiskeli. Akatazama bati jipya lililokuwa liking'aa juu ya ukuta wa jirani.

"Ya nini?" alisema. "Shule si ile pale?"

Akatangulia kwa miguu.