Mhakiki wa Bi Kadi

Kijiko kiligonga kikombe mara nne, kama kilivyogonga kila asubuhi, kisha kikatulia. Halafu, katika chumba cha nyuma ambamo hamkuwa na mtu, kijiko kingine kikagonga mara nne.

Sindano aliinua uso kutoka kwenye cherehani yake.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia nini?" Bi Kadi alinyanyua kikombe, akapiga funda, akameza. Kule nyuma kitu nacho kikameza.

Hawa walikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mama na binti. Binti aliitwa Sindano kwa sababu ya ushonaji wake, na pia kwa ulimi wake, wateja walisema. Mama aliitwa Bi Kadi kwa sababu ya kazi aliyostaafu. Enzi hizo kompyuta ya taasisi ya utafiti ya taifa ilijaza ukumbi mzima, ikinguruma na kutoa joto, na akili yake haikufikia hata ya simu ya muuza karanga. Haikujua kusoma chochote ila kadi ngumu zenye matundu. Wanasayansi waliingia na makoti meupe wakatoka na sifa. Matundu yalitobolewa na wanawake, wawili wawili, na kila mmoja alimwita mwenzake pacha.

Wa kwanza alitoboa tarakimu kwenye kadi. Wa pili, mhakiki, alizipiga upya tarakimu zilezile juu ya kadi ileile katika mashine ya kukagua. Zikilingana, mashine iling'ata pengo dogo pembeni mwa kadi. Zikitofautiana, ilijifunga, ikagonga tak. Ulijaribu tena, tak, na mara ya tatu, kama bado hazikulingana, ilikata pengo juu ya kadi, palepale penye kosa. Pengo la pembeni, kweli. Pengo la juu, uongo. Sindano alikua akiyajua hayo kama watoto wengine wanavyojua nyimbo za kuruka kamba.

Pacha wa Bi Kadi alikuwa mwanamke ambaye Sindano alimwita mama mdogo, mpaka alipokatazwa. Hadithi ya nyumbani ilikuwa hivi: mama mdogo aliibadilisha kadi ya kimo cha mto baada ya kuhakikiwa, wahandisi wakajenga tuta fupi, na masika yaliyofuata mto ukachukua mtaa mzima, watu thelathini na mmoja. Alifukuzwa kazi. Akatemewa mate barabarani. Akafa, wakamzika wachimba kaburi peke yao. "Alijitakia mwenyewe," Bi Kadi alizoea kusema, huku akikunja nguo.

Sasa taasisi ilikuwa ikiandika historia ya kompyuta zake kwa ajili ya jubilii, na ukumbi mpya wa mitambo ungepewa jina la Bi Kadi. Kwa wiki mbili bibi huyo alikuwa akijizoeza hotuba mbele ya kioo, na ni katika wiki hizo nyumba ilipoanza kunuka mafuta ya mashine na vumbi lililoungua juu ya waya.

Basi jambo likakua. Akifagia, ufagio mwingine ulifagia nyuma yake. Akioga, maji yalimwagika mara ya pili juu ya sakafu kavu. Akikohoa, kikohozi chake kilirudi kutoka chumba cha nyuma kikiwa kimetulia, chenye subira, kama cha mtu anayelinganisha hiki na kile, na Sindano, akiwa amelala mchana mmoja wa joto, alizihesabu nyayo za mama yake kwenda jikoni, kumi na mbili, kisha nyayo kumi na mbili zisizo na mwenyewe, polepole, hatua kwa hatua, mpaka zikasimama pale pale alipokuwa amesimama mama. Cherehani yake yeye haikurudiwa hata siku moja. Kilichokuwemo kilikuwa na mtu wake.

Siku moja rafiki alipiga simu kuuliza mbona hajafika, na Bi Kadi, hata viatu hajavaa, akajibu, "Niko njiani!"

"Niko..." ikasema sauti nyuma, sauti yake mwenyewe, ikakwama. Tak.

"Niko njiani, nakuja!"

Tak.

Sindano alicheka, maana woga nao una kicheko chake. "Mama, hata jini linajua hujaoga."

Bi Kadi hakucheka. Alishika simu kwa mikono miwili. "Samahani," akanong'ona, "bado niko nyumbani." Sauti ikamfuata neno kwa neno mpaka mwisho, na kikasikika kimlio chepesi cha kitu kinachong'ata karatasi. Hapo Sindano akajua kwamba mama anakijua kilichomo ndani na hataki kukitaja.

Mwandishi wa taasisi alikuja alasiri ya Jumanne, mwanamke mpole mwenye miwani, akaweka kinasa sauti mezani. Bi Kadi alisimulia vizuri. Alisimulia joto la ukumbi, vidole vilivyovimba, jinsi walivyovua viatu chini ya meza, na nyuma ya ukuta ile sauti ikasimulia pamoja naye kwa mnong'ono bila kukosea. Kisha akafika kwenye mto.

"Kadi ile niliihakiki mwenyewe, ilikuwa sawa. Mwenzangu ndiye aliyekuja kuibadilisha."

Tak.

Mwandishi alitazama juu. "Mna panya?"

"Wengi," akasema Sindano.

"Ilikuwa sawa," Bi Kadi akarudia, sasa kwa haraka. "Mwenzangu ndiye aliyebadilisha."

Tak.

Alimtazama binti yake, akakitazama kinasa sauti, na Sindano aliona kabisa kwamba mama anahesabu. Akasema mara ya tatu.

Sindano hakusikia maumivu. Alisikia baridi, halafu kitu cha uvuguvugu kikamtiririka shingoni. Alipogusa juu ya sikio lake la kushoto, palikuwa na pengo la mraba, limekatwa sawasawa, lisilotosha hata punje ya mchele.

Kesho yake asubuhi wakamwita mganga. Alikuja na mkoba, kengele na maneno mengi.

"Msihofu. Mimi nimetoa majini sabini."

"Nimetoa majini..." Sauti ya mganga mwenyewe ikamrudia kutoka ukutani. Tak.

Mganga aliishusha kengele. "Tuseme arobaini."

Tak.

Mara ya tatu hakuijaribu. Hakuwa mjinga kiasi hicho. Alikusanya vitu vyake, na mlangoni akamshika Sindano mkono, akanong'ona bila madaha yoyote: "Binti, huyo hataki ubani. Anakagua. Mwambie mama yako ampe anachokikagua, la sivyo kosa la mama atalikata juu yako kidogo kidogo mpaka uishe."

Bi Kadi alisikia. Akaketi sakafuni, mama mzima, akampigia mwandishi simu, akayatapika yote. Rundo la kadi siku ile lilikuwa kubwa. Cheo cha msimamizi kilikuwa wazi, na ilisemwa atapewa anayemaliza mapema. Yeye alikuwa na koleo la kondakta, lile la kutobolea tiketi. Akakata mapengo ya pembeni kwa mkono, trei mbili nzima, bila kuipiga upya tarakimu hata moja.

"Pacha wangu alipiga moja penye saba," akasema. "Kukosea ni kwa kila mtu. Ndiyo maana niliwekwa mimi. Tume ya mafuriko ilipouliza, nikasema amebadilisha yeye, nikapewa cheo."

Mnong'ono ulimfuata mpaka neno la mwisho, haukukwama. Kile kimlio chepesi kikapita. Harufu ya mafuta ikaondoka, na nyumba ikawa nyumba.

Sindano alikuwa amesimama na kitambaa sikioni.

"Nilikutana naye njiani, Mama. Nilikuwa na miaka tisa. Aliniita mwanangu, nami nikamtemea mate kama ulivyonifundisha."

Bi Kadi aliokota nguo iliyokuwa karibu, akaanza kuikunja.

Siku kumi na moja zilipita kwa amani. Siku ya jubilii mkurugenzi aliwapokea ofisini, akawakaribisha viti, akafungua kitabu kipya kwenye ukurasa wa mto. Ilikuwa hadithi ileile ya zamani.

"Mama yetu, mambo ya koleo tumeyaacha," akasema kwa upole. "Mtu wa sayansi hawezi kusherehekea koleo la kondakta. Utatusomea ukurasa huu mmoja. Ukiona vigumu, hatukulazimishi, ila jina la ukumbi itabidi tulifikirie upya."

"Mama, twende nyumbani," akasema Sindano.

Bi Kadi alitazama dirishani. Ng'ambo ya uwanja, kupitia mlango wazi wa ukumbi mpya, pazia jekundu lilionekana likifunika herufi za shaba. Alilitazama pazia lile kama mwenye njaa anavyotazama chakula.

"Ni ukurasa mmoja tu, mwanangu," akasema. "Na sikio lako limeshapona."

Maneno hayo Sindano hajayasahau mpaka leo. Alikwenda kusimama mwisho wa ukumbi, karibu na mlango, mkono juu ya sikio, akamwona mama yake akivaa miwani mbele ya watu mia nne. Akangoja mnong'ono umfuate. Haukumfuata. Safari hii ulimtangulia. Kabla Bi Kadi hajafumbua kinywa, maikrofoni ilisema, kwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo, ambayo Sindano hakuwa ameisikia kwa miaka arobaini: "Sikubadilisha kitu. Muulizeni mwenzangu." Na midomo ya mama yake ikaifuata ikiwa imechelewa, ikalinganisha neno kwa neno, macho yamemtoka.

Mkurugenzi akaidaka maikrofoni. "Mama yetu amezidiwa na furaha!" Pazia likavutwa, watu wakapiga makofi, na mpiga picha akamwomba Bi Kadi asogee kidogo kulia.

Nyumbani, Sindano alimuuliza kama anataka maji. "Sikubadilisha kitu," akajibu. Aliulizwa na majirani, na daktari, na mwandishi aliyekuja akilia na kuomba radhi, na kila mmoja alipewa jibu hilo. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba uzee hauna dawa.

Siku ya nne Sindano alipiga magoti mbele ya kiti. Alijua sasa anazungumza na nani.

"Tunajua, mama mdogo," akasema. "Hukubadilisha kitu. Nisamehe mate yale. Niliambiwa."

Mikono ya mama yake ikamshika uso kwa huruma, huruma ambayo mama yake hakuwa nayo.

"Haidhuru, mwanangu," ikasema ile sauti nyembamba. "Wewe ulikuwa mtoto. Mama yako ndiye simrudishi."