Waliosema Watakuja

Duka la kuchapisha lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana, na ni kama mji mzima ulikuwa umekumbuka kwa pamoja kwamba una karatasi za kutoa nakala. Mashine zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mbovu, na ya pili ilikuwa imetekwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, akichapisha vipeperushi visivyokuwa na dalili ya kwisha.

"Kaka, unachapisha kitabu?" msichana aliyekuwa nyuma yake aliuliza.

Kijana akageuka, na nusura asahau kilichompeleka pale. Aliona gauni la kijani lililomkaa sawasawa na nywele zilizobanwa kwa kalamu ya wino. Sauti yake nayo ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha: alikuwa mpiga simu katika ofisi ya uchunguzi wa maoni, na wenzake hawakumwita jina lingine ila Sauti. Kijana alikuwa mratibu wa vijana katika kampeni ya Mwalimu, mama mkakamavu aliyeacha chaki ili agombee tiketi ya chama kwenye kura ya mchujo.

Alimpisha. Kisha, kwa kuwa hakuumbwa na haya nyingi, akachungulia karatasi zake na kusoma kwa sauti.

"'Kama kura ya mchujo ingepigwa leo, ungemchagua nani?' Mimi ningekuchagua wewe."

"Hujaulizwa. Sisi tunauliza kwa simu."

"Basi chukua namba yangu uniulize."

Sauti alijifanya kukunja uso, lakini namba aliichukua. Na jioni yake alipiga, akasoma maswali yote kwa sauti ya kikazi kabisa, huku wote wawili wakicheka hadi machozi.

Tangu siku hiyo Sauti alikuwa akipiga simu sitini za ofisi kwa siku, akizisubiri ziishe ili aipokee ya sitini na moja. Mratibu alimwita laazizi. Yeye alimwita mheshimiwa, kwa kumchokoza. Walikutana pale wakati ulipopatikana, mara kwenye ngazi za ofisi yake, mara kwenye kimgahawa chenye viti vya plastiki karibu na makao ya kampeni, na kila mara Mratibu alikuwa na simu mbili mezani na haraka usoni. Hilo halikumsumbua Sauti. Alimpenda jinsi alivyokuwa na imani na watu. Akisema vijana wataleta mabadiliko, ungedhani amewaona wamepanga foleni nje ya mlango.

Mwezi wa pili wa mapenzi yao Mratibu akasema mwenyewe, bila kusukumwa, kwamba anataka kwenda kujitambulisha kwa baba yake Sauti. Wakapanga Jumapili, saa kumi.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo matokeo ya uchunguzi yakatangazwa. Kati ya wanachama wa chini ya miaka thelathini na tano, asilimia sitini na nane walimtaka Mwalimu, na karibu wote walisema ni hakika watakwenda kupiga kura. Kwenye makao ya kampeni watu walirukaruka juu ya meza. Mratibu alimpigia Sauti akiwa hoi kwa furaha.

"Laazizi, tumeshinda. Nikija kwa mzee nakuja na ushindi mkononi."

Jumapili mzee alivaa tai. Alikuwa fundi wa lifti mstaafu, aliyemlea binti yake peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo, kwa dhihaka ya Mungu, halikuwa na lifti. Alikaa kwenye kiti kinachoutazama mlango. Saa kumi Mratibu alipiga kusema yuko njiani. Saa kumi na moja alikuwa bado njiani. Saa moja alisema kikao cha ushindi kimemkwamisha, atakuja Jumapili ijayo, na anampenda sana. Mzee akavua tai, akaikunja taratibu.

"Ana kazi nyingi, baba," Sauti alisema.

"Naona," mzee alijibu, na hakuongeza neno. Sauti aliumia kuliko kama mzee angetukana.

Jumapili ya pili ikawa vilevile, ila safari hii mzee hakuvaa tai.

Jumatatu Sauti alimfuata Mratibu hadi makao ya kampeni. Hakwenda kugombana. Kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi kwa siku kadhaa, na kumwambia mtu wa nje kungeweza kumfukuzisha kazi. Swali la mwisho la fomu yao lilikuwa na visanduku vitatu: hakika nitapiga kura, huenda, sidhani. Aliyesema huenda ilibidi apigiwe tena kesho yake, na kesho yake kulikuwa na simu nyingine sitini. Basi kila ambaye hakukataa waziwazi walimtilia alama ya hakika. Wote walifanya hivyo ofisini. Hata yeye.

"Nusu ya vijana waliniuliza kura ni siku gani," alimwambia. "Wengine hawajui kituo chao kiko wapi. Wanampenda Mwalimu, hilo ni kweli, lakini wanampenda wakiwa wamelala kwenye kochi. Umeacha kuwafuata wazee kwa sababu ya namba zangu. Usizitegemee."

Mratibu alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili. Kila kijitabu cha mpango pale mezani kilisimama juu ya namba hizo, na nadhani ndiyo maana akasema alichosema. Mtu akiogopa hushika lililo karibu na mkono.

"Upande wa pili wamekupa kiasi gani uje univunje moyo?"

Sauti alichukua mkoba wake, akapita katikati ya mabango na vijana waliokuwa wakibandikana vibandiko vifuani, akashuka barabarani akilia mchana kweupe bila kujali nani anamwona. Mratibu hakumfuata. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, mrefu, wenye maneno mazuri. Kisha siku kumi na mbili zikapita kimya.

Siku ya mchujo Sauti alikwenda kupiga kura. Hakuwa na hamu na siasa. Alikwenda kwa ajili ya mtu aliyemwita msaliti. Alisimama foleni kwa saa tatu kwenye ukumbi wa kata, mbele yake akina mama wenye vitenge na miwani, nyuma yake wastaafu wakilalamikia magoti. Watu wa rika lake hawakufika hata kumi. Alimpigia Mratibu mara mbili kumwambia, lakini simu yake ilikuwa ikitumika.

Mwalimu alishindwa vibaya.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi kasoro, mlango ukagongwa. Mratibu alikuwa amesimama pale na suti ya kijivu iliyombana mabegani, macho mekundu. Mzee alimkaribisha, akapokea shikamoo yake, akajibu marahaba, kisha akaingia chumbani na kuwaachia sebule.

Mratibu aliomba msamaha kwa jambo moja moja, bila kujitetea. Alisema vijana elfu tisa kwenye orodha yake waliahidi, na hata elfu mbili hawakufika. Alilia, na Sauti akamshika kichwa akakilaza begani mwake, kwa sababu alikuwa akimpenda na hakuweza kufanya vingine.

"Nikuoe, yaishe," Mratibu alinong'ona. "Sitaki tena kitu kingine."

Sauti alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Ndipo akauliza, kama mtu anayetafuta la kuongea tu:

"Wewe ulipiga kura saa ngapi? Mimi nilisimama foleni kwa saa tatu."

Mratibu alijifuta macho. Nje gari lilipiga honi, likapita.

"Nilikuwa nawapigia simu watu," alisema mwishowe. "Mpaka vituo vikafungwa. Nilikuwa nasema naenda sasa hivi."

Sauti alitoa mkono wake begani mwa Mratibu polepole. Alimwambia anampenda, na hakudanganya. Alimwambia pia aende, kwa leo aende.

Alipobaki peke yake alisogea dirishani. Mratibu alitokea chini kwenye njia ya miguu, akasimama, akatoa simu. Ya Sauti ikalia mfukoni: Nakupenda kuliko chochote duniani. Siwezi kuishi bila wewe. Nitakuja.

Sauti alikwenda akafungua komeo la mlango, akauacha wazi kidogo. Akipanda sasa hivi, alijiambia, namaliza ubishi wote, naolewa hata kesho. Akarudi dirishani. Mratibu aliinua macho, akamwona, akapunga ile simu juu ili ajue kwamba ametuma. Alikaa hapo kitambo akisubiri jibu. Kisha akavuka barabara, akaondoka.

Mzee alitoka chumbani akauliza kama mgeni anarudi. Binti yake alisema amesema atarudi, na akaenda kuufunga mlango.