Ukurasa wa Tisa

Kila Ijumaa Haika akitoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa barua. Alizikuta zimeanguka nyuma ya mlango wa nyumba yao ya ghorofani huko Barking, mashariki mwa London: ya manispaa, ya mwenye nyumba, ya kliniki. Alizipanga mezani, akabandika chai, na mama yake akishaingia na kuvua viatu vya kazi, Haika alisoma kwa Kiingereza kisha akaeleza kwa Kiswahili. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini hapo mezani alijiona mtu mzima kamili.

Si kwamba mama yake, Elieshi, hakujua Kiingereza. Alihudumia wazee katika makao yao, na Kiingereza cha chai, cha dawa na cha kuuliza mtu amelalaje alikimudu vizuri sana. Kilichomchosha ni Kiingereza cha karatasi. "Hawa watu hawasemi neno likaisha," alilalamika. "Nisomee wewe, profesa wangu." Haika alilipenda jina hilo kuliko peremende.

Ijumaa moja ya Septemba mjomba Samson, mdogo wake mama, alikuja na karatasi kumi na nne alizochapisha kazini. Zilieleza sarafu ya mtandaoni, kripto, iitwayo Lofti. Mjomba alikuwa mtu mwema, ila akishapenda jambo hapumui mpaka na wewe ulipende.

"Sikiliza, dada. Picha za simu yako zinawekwa wapi? Kwenye kompyuta za kampuni kubwa. Sasa hawa wa Lofti wana njia nyingine. Faili linakatwa vipande, vinafungwa kwa siri, vinagawanywa kwenye kompyuta za watu wa kawaida dunia nzima. Mwenye nafasi tupu anaipangisha, analipwa kwa sarafu ya Lofti."

"Kama mtu kupangisha stoo yake," mama akasema.

"Hapo hapo. Ukinunua sarafu hizo sasa zikiwa rahisi, mwezi wa kumi na moja unaziuza kwa bei mara mbili."

Mama alihesabu siku kwa vidole. Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa zamu yake kupokea mchezo. Wanawake kumi na wawili, Watanzania na Wakenya, walichanga kila mwezi, na aliyefikiwa na zamu aliondoka na pauni elfu mbili na mia nne. Fedha hizo mama alishazipangia kazi: tiketi mbili za ndege za Desemba, waende Machame kumwona bibi. Miaka sita walikuwa hawajamwona, na bibi hakuwa akirudi ujanani.

"Tiketi utanunua, na chenji itabaki," mjomba akaongeza. "Hata hizo Jumamosi unazofanya kazi utapumzika."

Neno hilo la Jumamosi ndilo lililomwingia Haika. Miaka miwili sasa mama alikuwa kazini kila Jumamosi, na yeye alishinda kwa jirani akitazama saa. Alikuwa na hamu na mama yake ingawa waliishi nyumba moja.

"Mwachie Haika karatasi," mama akaamua. "Atazisoma, aniambie kama ni kitu cha maana."

Haika alianza kusoma kesho yake. Kurasa tatu za kwanza zilikuwa na picha na maneno mepesi. Kuanzia ya nne, maneno yakawa magumu kama kokoto. Alitafuna mawili matatu, akachoka, akaruka mpaka ukurasa wa mwisho, uliokuwa na picha ya watu wanaotabasamu.

Jioni mama aliuliza, "Enhe, wanasemaje?"

"Wanasema ni nzuri, mama. Watu wengi wanaitumia. Bei itapanda."

"Umesoma zote?"

Haika alitazama miguu ya mama yake iliyovimba kwa kusimama kutwa. "Zote," akasema.

Basi hapo ndipo uongo ulipoingia nyumbani. Hakuna mahali popote katika zile karatasi palipoandikwa kwamba bei itapanda. Neno hilo Haika alilitoa kwenye hamu yake mwenyewe, mama akalipokea kama lilivyo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Haika haikuzidi siku nane.

Jumatano, akitoka shule, alikutana na Mama Sundus kituo cha basi. Mama Sundus alikuwa mtu wa Mombasa, mmoja wa wale kumi na wawili, mcheshi wa kupindukia.

"Njoo nikuone, profesa. Mamako kanambia umesoma habari za ile sarafu, ukaona nzuri. Zamu yangu ni mwezi ujao, na mimi natia zangu zote. Si unajua twahama? Mwenye nyumba ataka nyumba yake, na kwengine wataka amana kubwa. Zikizaa kidogo, tumepona."

"Labda umuulize mtu mwingine pia, Mama Sundus."

"Nimuulize nani, na wewe ndiwe uliyesoma?" Akamshika shavu, akapanda basi.

Haika hakwenda nyumbani. Alikwenda maktaba, akakaa na kamusi, akazitoa zile karatasi begini, akafungua ukurasa wa nne. Safari hii hakuruka hata mstari. Kila alipokwama aliandika neno kwenye daftari, akalitafuta, akarudi nyuma, akasoma tena. Ilimchukua karibu saa tatu.

Mengine yalikuwa mazuri kweli. Njia ile ya kuhifadhi mafaili ilifanya kazi. Kompyuta moja ikizimika, nyingine zina vipande. Lakini ukurasa wa tisa ulisema kwamba katika kila sarafu kumi, sita zilikuwa mikononi mwa walioianzisha Lofti, nao wangeruhusiwa kuziuza kuanzia Oktoba. Haika akafikiri: wakiziuza zote kwa pamoja, nani atataka zetu? Ukurasa wa kumi na moja ulisema nafasi nyingi iliyotolewa kupangishwa bado haikuwa na wapangaji. Na ukurasa wa kumi na mbili, kwa herufi ndogo kama mbegu za ulezi, ulisema mnunuzi anaweza kupoteza fedha zake zote.

Alhamisi alitaka kusema, akaona mama amechoka. Ijumaa akaona mama amefurahi, akaogopa kumharibia. Jumamosi jioni mama alimkalisha chini, akaanza kumsuka. Vidole vyake vilikuwa vyepesi.

"Bibi yako atakushangaa," mama alisema kwa sauti ya chini. "Aliniambia kwenye simu, 'Elieshi, niletee huyo mtoto kabla macho yangu hayajachoka.'"

Machozi yakamlenga Haika. Mama alidhani amemvuta nywele, akamwomba radhi, na Haika akanyamaza tena. Kunyamaza huko kulimuuma kuliko nywele.

Jumapili wanawake walikusanyika sebuleni kwao. Walikula, wakacheka, wakamkabidhi mama bahasha yake. Mjomba Samson naye alikuwepo, simu mkononi, tayari kumsaidia kununua zile sarafu.

"Kabla hatujafanya hivyo," mama akasema kwa fahari, "Haika mwanangu, waeleze mama zako ulichokisoma."

Watu wote wakamtazama. Haika alisimama na daftari lake.

"Nilimdanganya mama," akasema. "Nilimwambia nimesoma zote. Nilisoma kurasa nne tu. Zilizobaki nimezisoma Jumatano, na hata sasa sizielewi zote." Akawasomea alichoandika: zile sarafu sita katika kila kumi, nafasi zisizo na wapangaji, herufi ndogo. "Na hakuna palipoandikwa kwamba bei itapanda. Hilo nililisema mimi."

Mjomba akazichukua karatasi, akatafuta ukurasa wa tisa, akausoma midomo ikicheza.

"Huu mimi sikuufikia," akakiri.

"Sasa wewe nani alikwambia inafaa?" Mama Sundus akauliza.

"Tony. Kinyozi wangu."

"Na Tony kaambiwa na nani?"

Mjomba akakuna kichwa chake kilichonyolewa vizuri, na wanawake wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliiweka bahasha mkobani, akaenda jikoni. Haika akamfuata.

"Kwa nini, mwanangu?" mama akauliza, akiwa amempa mgongo.

"Nilitaka Jumamosi zako, mama. Nilidhani fedha zikiwa nyingi utabaki na mimi."

Mama akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimvuta Haika kifuani, akamshikilia kwa muda mrefu.

"Nimekasirika, nisikufiche," alisema. "Lakini na mimi nina kosa. Nimekutwika mzigo wa watu wazima, nikakupa na jina kubwa, ukaona aibu kusema hujui. Kuuliza si ujinga, mama. Ukifika pasipoeleweka, niambie, 'Mama, hapa sielewi.' Tutakaa wote wawili tusielewe pamoja."

Jumatatu tiketi zilinunuliwa. Mama Sundus, zamu yake ilipofika, aliziweka fedha zake kwa ajili ya amana ya nyumba. Mjomba alizisoma zile karatasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akanunua Lofti za pauni hamsini. "Hizi zikipotea sitalia," alisema, na hiyo ilikuwa haki yake. Mama naye alimwomba msimamizi wake apumzike Jumamosi moja kila mwezi. Alikubaliwa siku hiyo hiyo, maana kumbe alikuwa hajawahi kuomba.

Ratiba ya Oktoba ilikwishapangwa, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya namna hiyo iliangukia Novemba. Haika na mama walikuwa wakifunga sanduku la zawadi za bibi mjomba alipopiga simu. Lofti ilikuwa imepanda. Si mara mbili, lakini ilikuwa imepanda. Alicheka mpaka akakohoa.

Haika aliposikia, aliliacha sanduku. Alikaa kitandani.

"Mama, tungepata. Unajuta?"

Mama alikunja sweta moja, kisha la pili, ndipo akaketi kando yake.

"Tungepata bila kujua kwa nini tumepata, na wiki ijayo tungepoteza bila kujua kwa nini tumepoteza. Fedha nikipoteza, Haika, nina mikono, nitatafuta nyingine. Lakini neno lako nikiacha kuliamini, nitalinunua duka gani?"